Tangi la Fundi Saidi na Mche wa Sabuni

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Itetemia ananiuliza swali lile lile: "Ehe, safari hii ilikuwaje?" Wengine huuliza huku wakicheka, kwa sababu wanaikumbuka ile ya kwanza. Nimechoka kusimulia vipande vipande nikiwa nimesimama njiani na ndoo mkononi, kwa hiyo nimekaa nikaandika. Habari za vibali na kusubiri mbele ya dirisha la karani nimeziacha. Mnazijua, na hazina utamu.

Kwa wasioijua safari ya kwanza, nitaieleza upesi maana bado inaniuma. Nilikuwa nimchukue Veronika, binti wa Kikonongo ambaye tulijuana hapa mjini alipokuwa akijifunza ushonaji. Kwao ni mbele ya Inyonga, porini kabisa, kwenye ile njia ya zamani ya wapagazi iendayo Karema. Padri hufika huko mara moja tu kila kiangazi, akalala siku chache, akafungisha ndoa, akaondoka. Pikapu yetu, ambayo kaka yangu na mimi tuliinunua baada ya gari hilo kumaliza kazi yake vitani, ilikuwa na tangi la madebe mawili tu. Nikabeba petroli nyingine nyuma katika madebe matatu. Barabara ikayatikisa, maungio yakaachia, na nilipokwenda kumimina nikakuta madebe mawili yamebaki harufu tu. Gari likazimika porini. Nilifika ukweni kwa miguu siku ya Jumanne. Ndoa ilikuwa iwe Jumapili.

Baba yake Veronika hakupaza sauti. Alisema, "Nyama imeliwa na watu waliokuja. Kiangazi kijacho padri atapita tena. Usipokuwepo, usije tena."

Mwaka mzima niliishi na maneno hayo.

Ng'ambo, kwa Fundi Saidi

Fundi Saidi ana kibanda chake mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Hutengeneza vibatari, ndoo na makarai. Nilimwendea kwa sababu mafundi wa magari niliowauliza wote walisema ninunue gari jingine, kana kwamba magari huota kama uyoga.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unataka ndoo?"

"Nataka tangi la gari. La madebe sita, linipeleke mbele ya Inyonga na kunirudisha."

Aliweka nyundo chini. "Sijawahi kutengeneza tangi la gari," akasema bila kuona haya. "Lakini ndoo nazijua. Lete gari."

Nikalileta. Asubuhi nzima alilala chali chini yake bila kugusa kitu. Nilidhani amesinzia. Kumbe alikuwa akipima kwa macho, na alipotoka akachora kwa mkaa kwenye ukuta wa kibanda chake mahali tangi litakapokaa, ubavuni, chini ya sanduku la mizigo. Nilipomletea madebe matupu ayakate, aliyasukuma kwa mguu. "Bati hili limekuangusha mara moja. Tafuta pipa."

Pipa likapatikana. Akalikata, akalikunja, akaunga pembe zake kwa ribiti moja moja, kisha akaziba maungio kwa risasi ya kulehemu. Kazi ilikwenda vizuri hadi siku moja nikamkuta ameketi mlangoni, mikono mitupu, anawatazama akina mama wakitoka kisimani na ndoo kichwani. Nilidhani ameshindwa.

"Unayaona majani yale juu ya maji?" akaniuliza.

"Nayaona, fundi."

"Ya nini?"

"Maji yasimwagike mtu akitembea."

"Basi petroli ya madebe sita ikianza kucheza kwenye kona, itakuvuta na gari lako hadi porini. Mimi siwezi kutia majani ndani ya tangi. Nitatia kuta."

Akaweka kuta tatu za chuma ndani, zenye matundu, ili petroli ipite taratibu isirukeruke. Sijui huko wanakounda magari walitumia vitabu vingapi kufikia hapo. Fundi Saidi alitumia akina mama wa Ng'ambo na asubuhi moja.

Tangi lilipokamilika akalijaza maji, akaliinua juu ya mawe, akatandaza majivu makavu chini yake. "Macho hudanganya. Majivu yakipata tone yanaonyesha doa." Kutwa nzima tuliyatazama majivu yale. Hayakuonyesha doa. Akamwaga maji, akalikausha juani, kisha akalijaza petroli debe baada ya debe, na kwa kila debe akakata alama kwenye ufito, nipate kupima njiani, kwa maana mshale wa petroli wa gari ulikufa zamani. Nilimpenda mtu yule kuliko ninavyoweza kuandika.

"Ukirudi," akaniambia, "niletee tangi nilione. Habari za harusi utawapa wengine."

Kutoka Tabora hadi Sikonge

Tuliondoka Alhamisi alfajiri, watu watatu. Mimi kwenye usukani. Kando yangu Shangazi Helena, dada wa marehemu baba, na miguuni pake sanduku la zawadi. Nyuma, juu ya magunia, mshenga wetu Gaudensi, mrina asali asiyejua kunyamaza, na kiko chake mdomoni.

Sanduku lile lazima nilieleze. Kwetu zawadi za mama mkwe hupangwa na shangazi wa bwana harusi: blanketi, kanga, chumvi, shanga, na juu kabisa mche mzima wa sabuni. Shangazi hulifunga kwa kamba na fundo lake mwenyewe, na fundo hilo hufunguliwa na upande wa bibi harusi tu. Likifunguliwa njiani, mama mkwe ana haki ya kusema kwamba ameletewa mabaki. Shangazi amefunga masanduku ya ndoa kumi na moja, na hakuna hata moja lililorudishwa. Alilikanyaga kwa miguu miwili tangu Tabora.

Barabara ya Sikonge hupinda pasipo sababu. Huoni jiwe wala mto, lakini unazungusha usukani kulia, kisha kushoto, kisha unarudi ulipokuwa. Gaudensi aligonga kwenye paa tukasimama, akaeleza.

"Hapa palianguka mti wakati wa wapagazi. Wakauzunguka na mizigo yao. Mti ukaoza, njia ikabaki. Serikali ilipokuja na majembe ikapanua palepale."

Babu yangu alipita hapo na pembe ya ndovu begani. Nilifurahi kujua kwamba mimi na gari langu tulikuwa tunaukwepa mti alioukwepa yeye. Na katika kona zote zile gari halikuyumba. Nilikuwa naisikia petroli ikitembea polepole kati ya kuta za Fundi Saidi.

Sikonge tulipokewa na familia ya Wamoraviani, jamaa za Gaudensi. Walitupa wali na kuku, wakatuombea sala ndefu kidogo. Mwenye nyumba alilizunguka gari, akalipapasa tangi, akasema gari letu lina mimba. Ijumaa tukaondoka mapema.

Ipole

Kabla ya Ipole tulipunguza mwendo kwenye kijiji kimoja na mara tukaona akina mama wanakuja mbio, kila mmoja na kibuyu au ndoo. Wakajipanga mstari ubavuni mwa gari. Wa mbele, mama mnene mwenye kilemba cheupe, akanisalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," na bila kungoja akaweka kibuyu chake chini ya tangi.

"Mama, mnangoja nini?"

"Maji. Tumeambiwa serikali italeta maji kwa gari. Kisima kimekauka."

"Hii ni petroli, mama."

Hakuniamini. Nikafungua kifuniko, akainama, akanusa, akakunja uso. Kisha akawageukia wenzake. "Ni kinywaji cha gari. Linakunywa kuliko kijiji kizima."

Wakacheka, lakini nilimwona mmoja aliyegeuza ndoo yake na kuondoka bila kucheka, na nikaona aibu ya kuwa na tangi kubwa mahali pale. Shangazi akashuka. Tulikuwa na debe moja la maji ya kunywa. "Lishushe," akaniambia. "Wagawie watoto." Nikalishusha. Yule mama wa kilemba akaingia ndani akatoka na chungu cha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akatulazimisha tule hadi kiishe. Mtu asiye na maji, na bado anakulisha. Sina la kusema juu ya watu wale ila sifa.

Tulilala Ipole kwenyewe. Jumamosi asubuhi, mwendo mfupi tu tukiwa porini, likatokea lililonikata maini. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya njia, na ndani yake kulikuwa na kisiki. Nikasikia kishindo ubavuni, kisha kidogo kidogo harufu.

Niliposhuka nikaona ungio la chini limefunguka ufa mwembamba kama unywele, na matone yanadondoka, moja, jingine, jingine. Nilichovya ufito. Yalipaswa kuwamo karibu madebe matano. Yalikuwa manne na nusu.

"Zima kiko," nikamwambia Gaudensi. Alikizima, akashuka, akatazama, uso ukachangamka. "Hili ni jambo dogo," akasema, na akatoa mfukoni donge la nta.

Sasa mtatucheka, lakini kumbukeni sisi ni watu wa asali. Kwetu mzinga ukipasuka ni nta, kibuyu kikitoboka ni nta, mpini ukilegea ni nta. Sijawahi kuona kitu kilichovuja kwetu kikazibwa kwa kitu kingine. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyesita. Nikaikanda nta kwa mikono hadi ikalainika, nikaipaka, nikaisukuma ufani kwa kidole gumba. Matone yakakoma. Shangazi akasema baba angekuwa hai angejivunia. Nilijisifu mpaka tukafika kwenye kibanda cha ndorobo.

Kibanda cha ndorobo

Kwa wale ambao hawajapita huko: ndorobo ndiye yule nzi anayeleta malale, na katikati ya pori serikali imeweka kizuizi. Kuna kibanda cha nyasi, mti uliolazwa kukatiza njia, na mlinzi mwenye wavu na bomba la dawa. Kazi yake ni kukagua kila gari lisipitishe hata nzi mmoja. Mlinzi tuliyemkuta anaitwa Maganga. Kwa wiki mbili hakuwa amepata mtu wa kuzungumza naye, na alikusudia kutufaidi.

Alikagua magunia. Alikagua kofia ya Gaudensi, ndani na nje. Mimi nilikuwa natazama jua, nahesabu: kesho asubuhi ni misa, baada ya misa padri anaondoka. Nikamwomba aharakishe.

"Bwana, nzi hana haraka na mimi sina haraka," akasema, akaingia chini ya gari. Kisha akauliza, "Hii iliyopakwa hapa ni nta?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akatoka chini ya gari, akaketi. "Petroli inakula nta. Njoo uone. Asubuhi ilikuwa nta. Sasa ni uji."

Nikainama. Nta yetu ilikuwa inaning'inia kama kamasi, na ufa, ambao kwa kuusukuma kwa kidole nilikuwa nimeupanua, ulikuwa unatoa mstari mwembamba usiokatika. Ufito ukaonyesha madebe matatu. Kwa mwendo ule tangi lingekauka kabla ya jioni, katika pori lile lile lililonizuia mwaka uliopita. Niliona uso wa baba yake Veronika wazi kabisa.

"Inazibwa kwa sabuni," Maganga akasema. "Ile ngumu, ya mche. Petroli haiiwezi. Dereva mmoja wa lori alifanya hivyo hapa hapa."

"Unayo?"

Alionyesha shati lake la kaki. "Tangu mwezi uliopita nafua kwa majivu."

Wote watatu tulikuwa tunajua sabuni ilikuwa wapi, na mimi sikuthubutu hata kulitazama lile sanduku. Shangazi ndiye aliyeuliza.

"Mwanangu, hakuna namna nyingine?"

"Ipo, mama," Maganga akajibu. "Kutembea."

Shangazi alikaa kwenye ngazi ya gari muda mrefu. Gaudensi akaanza, "Shangazi, tukifungua kidogo tu kisha tukafunga, nani atajua?" Akamkata kwa jicho.

"Mimi nitajua. Na nitasema." Akanigeukia. "Fundo nimelifunga mimi na nitalifungua mimi. Wakikataa sanduku, jibu ni langu, si lako. Wewe kazi yako ni kufika."

Akalifungua. Akautoa mche wa sabuni, ukiwa bado unanukia duka, akaukata kipande kwa kisu cha Gaudensi, akaurudisha uliobaki mahali pake. Nilikwangua nta yote, nikafuta ungio kwa kitambaa, nikaisugua sabuni ufani hadi ikajaa. Kisha nikamkumbuka Fundi Saidi. Nikachota majivu ya moto wa jana wa Maganga, yaliyopoa, nikayatandaza chini ya tangi, tukakaa kuyatazama. Maganga akatuletea ugali na kwale aliyemtega mwenyewe, nasi tukala tukiwa tumeyakodolea macho majivu. Ugali ukaisha. Majivu yalikuwa makavu.

Shangazi akafunga kamba upya, lakini alama ya fundo la kwanza ilikuwa inaonekana pembeni, na yeye aliona kwamba nimeiona.

Tulipoagana, Maganga alimkuta ndorobo mmoja mgongoni kwa Gaudensi. Akamnasa, akatuonyesha kwa furaha kubwa. "Mnaona? Mngekwenda haraka mngempeleka harusini."

Ukweni

Tulifika jua likiwa bado juu ya miti. Pikipiki ya padri ilikuwa imeegeshwa mbele ya kikanisa cha miti. Nilipoiona nilisimamisha gari nikalia kidogo, na sioni haya kuwaambia.

Ufito ulisoma madebe mawili; kwa safari ya kurudi, debe jingine tuliuziwa na mwenye duka wa Inyonga baada ya kumbembeleza sana. Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Saa ile habari ilikuwa sanduku.

Mimi kama mkwe sikuruhusiwa kuwa karibu. Mkwe hamtazami mama mkwe wake wala hakai mahali anapoweza kukutana naye. Wakikaribiana, mmoja hupisha. Kwa hiyo nilikaa nyuma ya ghala la mahindi, nimeugeuzia uwanja mgongo, nikisikiliza tu. Nikasikia kamba ikifunguliwa. Nikasikia vigelegele vya blanketi. Kisha vigelegele vikakatika.

Sauti ya mwanamke mmoja ikasema, "Sabuni hii imekatwa."

"Imekatwa," Shangazi akajibu. Nilimsikia akisimama. "Sanduku lilifunguliwa njiani, na aliyelifungua ni mimi. Tangi la gari lilipasuka. Tulizibia nta, ikayeyuka. Kilichotufikisha hapa ni kipande cha sabuni yako. Sikutaka uambiwe na mtu mwingine. Kama unalirudisha, nirudishie mimi."

Nilisikia mtama ukitwangwa nyumba ya tatu. Nikafikiria mwaka mzima, mchoro wa mkaa ukutani, kuta tatu zenye matundu, na kwamba yote yale yanaweza kuishia kwenye kipande cha sabuni kisichotosha kufua shati.

Kisha ile sauti ikasema, "Nataka kuliona hilo tangi."

Gari lilikuwa upande wangu. Nikanyanyuka haraka nikazunguka ghala ili nisikutane naye, nikajibanza upande wa pili. Nilisikia nyayo, nikasikia nguo ikigusa chini. Gaudensi aliniambia baadaye kwamba alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya gari na kanga yake mpya mabegani, akapapasa ungio lote kwa kidole, akakinusa, akapapasa tena. Hakuwa na haraka hata kidogo. Nikajua Veronika alimrithi nani.

"Hii kazi ya chuma ni ya nani?" akauliza.

"Ya fundi wa ndoo, Tabora," Shangazi akasema.

"Anajua kuunga." Akasimama. "Nipeni ule mche. Na kisu."

Nilifumba macho. Nikasikia kisu kikipita, na ubao ukigongwa. Kisha nyayo za Shangazi zikazunguka ghala, polepole, na nilipofumbua macho niliona analia na kucheka kwa pamoja. Mkononi alikuwa ameshika nusu ya ile sabuni iliyobaki.

"Amechukua nusu yake, na sanduku amelipokea," akasema. "Hii ameniambia nikupe wewe. Amesema: mwambie njia ya kurudi ni ile ile, na safari hii mwanangu yumo garini."

Tulifunga ndoa Jumapili asubuhi. Fundi Saidi ameliona tangi lake, akaushangaa ufa kwa muda mrefu, kisha akaulehemu bila kuniuliza lolote juu ya harusi. Ile nusu ya sabuni iko mbele ya usukani hadi leo, imefungwa kwenye kitambaa alichokishona Veronika, na sabuni ya kuogea ikituishia nyumbani tunanunua nyingine.